Kabla Hujalipia Vali ya EGR

Pikapu ya dizeli ya lita 2.5 ililetwa gereji ikiwa imeshabadilishiwa nozeli mbili kwingine. Bado ilitoa moshi mweusi na kuchoka mlimani, na ikisimama kwenye foleni ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Mashine ya kupimia ikatoa namba P0402: moshi unaorudishwa injini umezidi.

Hapo mafundi wengi humwambia mteja anunue vali mpya. Namba ile inataja kilichoonekana tu, haitaji kisababishi.

Kazi ya vali ya EGR ni kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa, ili joto la mwako lishuke na oksaidi za naitrojeni zipungue. Ikibaki wazi wakati injini inataka hewa safi, dizeli haiungui yote. Ndiyo asili ya ule weusi.

Sasa je, vali imefunguka kwa kuamriwa au imekwama? Hii ilikuwa ya vakyumu. Nikachomoa mpira kwenye kiwambo chake, nikauziba kwa bolti ndogo. Vakyumu ikikosekana, springi inatakiwa kuifunga vali. Mtetemo ulibaki vilevile, kwa hiyo kompyuta na solenoidi hazikuwa na kesi. Nikaweka kipande cha bati kuziba njia kati ya vali na bomba la moshi, kwa kupima tu: injini ikatulia.

Tulipoitoa vali, masizi yaliyochanganyika na mvuke wa oili yalikuwa mazito kama lami. Kati ya kisahani na kiti chake ilibanwa punje ya kaboni, ndogo kuliko ya mchele. Kwa ajili ya punje hiyo mwenye gari alishalipia nozeli mbili.

Tulisafisha kwa dawa ya kabureta, mswaki mkuukuu na kijiti. Bisibisi hapana, maana kiti kikikwaruzwa hakizibi tena. Na dawa isiguse kiwambo. Kisha tukavuta hewa ya kiwambo kwa bomba la sindano la mililita 60: mhimili ukapanda na kukaa. Kiwambo ni kizima. Tukamimina petroli kidogo juu ya kisahani kilichofungwa, tukangoja dakika tano. Haikuvuja.

Namba P0401 ni kinyume cha P0402, moshi unaorudi ni pungufu. Humo mara nyingi kilichoziba ni vijia vya ndani ya manifodi. Ukisafisha vali peke yake, namba itarudi.

Bati tuliliondoa. Najua limejaa kwenye magari ya mjini, na dizeli nyingi za zamani huvumilia. Lakini zile oksaidi huvutwa na wapita njia, na kompyuta za magari mapya hulibaini.

Tukafunga gasketi mpya, tukafuta namba, tukapanda mlima uleule bila moshi. Wewe mwenye gari, ukiambiwa vali imekufa, muulize fundi kwanza kama aliuchomoa ule mpira.