Kitumbua Huvunjwa, Hakitazamwi

Sifa zikitolewa mahali pasipostahili huharibu ufundi kuliko kazi mbovu yenyewe. Tazama video zinazozunguka kwenye simu kila Ramadhani inapokaribia: vidole vinabonyeza kitumbua kilichovimba, kinazama kama godoro jipya, kinarudi, na chini yake watu wanamiminika kusifu ulaini wake. Hakuna anayeuliza kimepikwa kwa unga gani. Kitu kinachozama na kurudi namna ile ni ngano, au mchele uliozidiwa na ngano, kwa sababu mchele peke yake hauna tabia hiyo. Wakati huohuo, aliyeroweka mchele wake tangu jana, akakuna nazi kwa mbuzi, akaamka kabla ya adhana ya alfajiri kulitazama rojo, anaambiwa kwamba vitumbua vyake ni vidogo na vinaonekana vizito. Akiambiwa hivyo mara tatu, ya nne ataongeza ngano. Ufundi huo utakuwa umeuawa na mlaji asiyejua kupima. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mlaji, na hoja yake ni moja: kitumbua ni chakula cha mchele na nazi, na kila kipimo cha ubora wake lazima kitokane na tabia ya mchele. Anayekipima kwa vipimo vya ngano anapima chakula kingine.

Tabia yenyewe ni hii. Ngano ikikutana na maji na kukandwa hutoa gluteni, utando unaovutika kama mpira, na hewa ya hamira hunaswa ndani ya utando huo. Ndiyo maana andazi huota tumbo. Mchele hauna utando huo. Hewa iliyomo ndani ya rojo la mchele haizuiwi na kitu isipokuwa uzito wa rojo lenyewe, kwa hiyo mpishi wa vitumbua anashika hewa kwa kitu kisichotaka kushika. Mapishi yote ya kitumbua ni jibu la tatizo hilo moja. Wengine wanaoizunguka Bahari ya Hindi wana majibu yao. India Kusini, wapishi wa paniyaram, nao wakitumia chuma chenye vishimo kama chetu, husaga mchele pamoja na kunde ndogo nyeusi waziitazo urad, na ute wa kunde hizo husaidia kushika hewa. Madagaska wana mofo gasy wao wa mchele, nao huliwa asubuhi na kuokwa kwenye vishimo juu ya makaa. Jibu la pwani yetu ni mchele uliolowa ukasagwa mbichi, tui zito, na subira. Ukiondoa kimojawapo lazima uweke kitu cha kuficha pengo, na mara nyingi kitu hicho ni ngano.

Tuanze na mchele. Mchele mpya, uliotoka shambani juzi, hunata. Ule uliokaa ghalani miezi kadhaa hunywa maji vizuri na kutoa rojo linalotiririka bila kuganda kijikoni. Mchele wa Kyela, pamoja na sifa zake zote, ni wa ubwabwa. Kitumbua hakihitaji harufu ya mchele kwa sababu harufu yake ni ya nazi na iliki. Chenga si aibu, maadamu ni safi, kwa kuwa mchele wenyewe unakwenda kusagwa. Jambo la lazima ni kuroweka mpaka punje ipondeke kwa kucha, na hilo halipatikani kwa saa moja. Hapa ndipo unga mkavu wa mashine unaposhindwa, na sababu yake inajulikana: jiwe au chuma kinaposaga punje kavu huumiza chembechembe za wanga, na wanga ulioumia hunywa maji kupita kiasi. Matokeo yake ni kitumbua kinachoganda kwenye ufizi kama ugali wa jana. Punje iliyolowa husagika bila kuumia sana, na rojo lake huteleza. Wanaoona blenda ni dhambi wanakosea. Kinu kiliheshimiwa kwa sababu kilisaga mchele uliolowa mpaka ukawa laini, na blenda ikifanya hivyo imetimiza wajibu wa kinu. Usilionee haya jino lako: likikutana na punjepunje, mpishi alikuwa na haraka. Si bure kwamba lugha yetu, ikitaka kusema jambo jema limeharibika, husema kitumbua kimeingia mchanga. Wahenga walichagua msiba ambao kitumbua hakiwezi kuuficha.

Tui ni nusu ya kazi. Tui la kwanza, lililokamuliwa kwa maji machache na kupita kwenye kifumbu, ndilo la kusagia. La pili ni la kurekebisha uzito wa rojo, basi. Mafuta ya nazi hupaka wanga na kuuzuia usishikane, na ndiyo yanayofanya ndani ya kitumbua kuwe na unyevu bila kuwa na majimaji. Maziwa ya ng'ombe hayafanyi kazi hiyo, hata kama wenzetu wa bara waliolazimika kuyatumia wameyazoea. Mafuta ya nazi huganda jotoridi likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kitumbua cha tui halisi kilicholala kwenye jokofu, au kilichobebwa asubuhi ya baridi ya Njombe, kitakuwa kigumu, na mtu asiyejua atakilaumu. Ugumu huo ni ushahidi wa uhalali wake. Kipashe moto kidogo juu ya chuma kikavu na kitarudi katika hali yake. Kile kinachobaki laini vilevile siku ya pili na ya tatu ndicho kinachopaswa kutiliwa shaka, kwa sababu mchele uliopikwa ukipoa hukakamaa, kama kila aliyewahi kula kiporo anavyojua.

Sasa kile ambacho mlaji mgeni hakioni kamwe, hata kama amekula vitumbua elfu. Yeye hutazama rangi ya nje na ukubwa, kisha huuma. Mjuzi huvunja. Kishike kitumbua kwa mikono miwili, dole gumba likae juu ya kiuno chake, kisha kifungue taratibu. Usitumie kisu, kwa kuwa kisu hufuta ushahidi. Kwanza sikiliza vidole. Ngano huvutika kabla ya kuachana, ikaacha nyuzinyuzi kwenye kingo. Mchele hukatika, na kingo zake hubaki zimesimama. Kisha tazama vitundu. Wengi wanajua kwamba kitumbua kizuri kina vitundu, lakini huishia kuvihesabu, na wingi hausemi kitu. Tazama vimeelekea wapi. Katika kitumbua kilichopikwa sawasawa vitundu husimama wima, vyembamba, vikianzia karibu na ganda la chini na kupanda kuelekea katikati, kama mabua shambani. Sababu yake ni ileile tuliyoanza nayo: kwa kuwa rojo la mchele halina utando wa kunasa hewa, hewa na mvuke zinapopata moto hutoboa njia ya kupandia, na moto ukaigandisha njia hiyo kabla haijabomoka. Kitundu kilichosimama ni alama ya mahali pumzi ilipopita. Ukiona mapovu ya duara yaliyofungwa, makubwa kwa madogo, yametawanyika kila upande, hiyo ni hewa iliyonaswa ndani ya utando, na utando huo ni wa ngano.

Vitundu hivyo husimulia mambo mengine pia. Kitumbua kina nusu mbili: ya kwanza iliyoivia kwenye kishimo, na ya pili iliyoundwa na rojo bichi lililoteremka kitumbua kilipogeuzwa. Palipokutana nusu hizo pana mstari mwembamba kiunoni, na nusu ya kwanza inapaswa kuwa ndefu kidogo kuliko ya pili. Mgongo ukiwa bapa na nusu ya pili haionekani, mpishi alichelewa kugeuza, uso ukawa umeshaiva. Mstari ukiwa mpana, wenye unyevu wa uji, aligeuza mapema. Chini pakiwa na tabaka zito lisilo na kitundu hata kimoja, rojo halikuumuka au chuma kilikuwa baridi. Pango katikati lina maana kwamba moto ulikuwa mkali, ganda likafunga mlango kabla ya ndani kuiva. Vitundu vilivyolala, pamoja na harufu ya uchachu, vinaonyesha kwamba rojo lilipitiliza, au kwamba lilikorogwa tena baada ya kuumuka, kosa ambalo mpishi mzuri halifanyi. Yote hayo yanasomeka kwa kuvunja kitumbua kimoja. Rangi ya nje haiwezi kukuambia hata nusu yake.

Mafundi wa kweli hutambulika kwa mambo wasiyoyafanya. Hawalikorogi rojo lililoumuka. Hulichota pembeni kwa upole na kuacha katikati pametulia. Hawajazi kishimo mpaka ukingoni. Hawamimini mafuta, huweka kidogo katika kila kishimo, kwa kuwa kitumbua huokwa kwa msaada wa mafuta, hakikaangwi ndani yake, na doa pana la mafuta kwenye karatasi tayari ni hukumu. Hugeuza wakati kingo zimekauka na katikati bado panatetemeka. Na vile vya kwanza, vilivyopikwa chuma kikiwa bado kinatafuta joto lake, hubaki nyumbani kwa watoto. Walaghai nao wana desturi zao. Wapo wanaotia beking pauda dakika ya mwisho ili kuficha kwamba rojo halikupewa muda. Wapo wanaotia bizari manjano ili walaji wadhani ni mayai, ingawa kitumbua hakijawahi kuhitaji yai. Wapo wanaovifunika vikiwa vya moto ndani ya ndoo ili mvuke uvilainishe, na kwa kufanya hivyo huua ganda. Wabaya kuliko wote huvitumbukiza vya jana ndani ya mafuta ya leo na kuviuza kama vipya. Hivyo hung'aa mno, na ukivivunja vinapukutika.

Yapo mapingamizi yanayostahili jibu la heshima. La kwanza ni la kipato: mama anayeuza barabarani saa kumi na mbili asubuhi hana muda wa kukuna nazi, na nazi ni ghali. Ni kweli, na hakuna anayemlaumu kwa kutumia ngano ili watoto wake waende shule. Ila ngano ina vyakula vyake vyenye majina na heshima: andazi, kaimati, visheti, chapati. Kuliita andazi dogo kitumbua ni kuunyang'anya mchele jina lake, na anayeumia ni yule mama mwingine, mtaa wa pili, aliyekesha kwa ajili ya mchele na ambaye sasa bei yake inaonekana ni wizi. Pingamizi la pili ni kwamba kila mtu na ladha yake. Ladha ni ya mtu, lakini jina ni la watu wote, na anayependa mkate wa sponji yuko huru kuupenda bila kuuita kitumbua. La tatu lina nguvu zaidi: wapo wapishi hodari wanaotia kijiko kimoja au viwili vya ngano ili rojo lishikane. Hawa hawadanganyi, lakini wamechukua njia fupi ilhali jibu limo ndani ya mchele wenyewe. Chukua sehemu ndogo ya rojo, ipike iwe uji mwepesi, iache ipoe kabisa ili isiue hamira, kisha irudishe. Wanga ulioiva hushika kama gundi, na mchele unabaki mchele.

Mambo yaliyobaki ni mafupi. Iliki, na iliki peke yake. Vanila ni ya keki. Sukari iwe ya kukufanya utamani kahawa chungu au chai ya rangi, isiwe ya kukuondolea hamu navyo. Ukubwa uwe wa kushikwa kwa vidole vitatu. Rangi iwe ya asali mgongoni na nyeupe kiunoni. Kiliwe kingali kinatoa joto, lakini si cha kuunguza, kwa kuwa moto mkali huficha ladha ya tui.

Zamani mlaji hakuhitaji kuelezwa haya, kwa sababu aliyasikia kabla ya kuyaonja. Jioni mbuzi ya nazi ilikwaruza uani, usiku mchi ulidunda, na watoto waliolala karibu na jiko walijua kwa harufu kama rojo limeumuka. Mlaji wa namna hiyo alikuwa mgumu kudanganywa, na ugumu wake ndio uliomlinda mpishi. Sauti hizo zimepungua katika nyumba nyingi, kuanzia Tanga hadi Maskati, na hazitarudishwa kwa kulalamika. Kilichobaki mikononi mwa mlaji ni kule kuvunja. Kesho asubuhi, kabla ya kukisifu chochote kilichovimba, kifungue mbele ya aliyekipika na utazame vitundu vimesimama au vimelala. Vikiwa vimesimama, mwambie mpishi umeviona. Aliyekesha na rojo lake atajua mara moja unazungumzia nini.