Sabato na Beseni: Heko kwa Waadventista wa Oyugis

Kanisa la Waadventista Wasabato ni miongoni mwa taasisi zilizowafundisha watu wa Oyugis, katika kaunti ya Homa Bay, kumtafuta Mungu ndani ya shughuli za kila siku. Mizizi yake katika eneo hilo iko Gendia, karibu na Kendu Bay. Huko ndiko mmisionari Arthur Carscallen, Mkanada, alikofika mwaka 1906 pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, Malawi ya leo.

Utakatifu huanzia jikoni. Ijumaa mchana maji huchotwa, nguo hupigwa pasi na chakula cha kesho hupikwa. Jua likitua, biashara husimama na familia hukusanyika kwa wimbo na sala. Tangu hapo hadi machweo ya Jumamosi, muda wote ni wa Mungu.

Usafi wa moyo hutiliwa mkazo zaidi siku ya Meza ya Bwana, ambayo kwa kawaida huandaliwa kila robo mwaka. Kabla ya mkate usiotiwa chachu na maji ya zabibu, waumini huoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Mwenye duka huweza kupiga magoti mbele ya kibarua wake, beseni na taulo mkononi. Waliokosana huhimizwa kupatana kwanza.

Malezi haya yanastahili heko. Yamewapa wakulima na wachuuzi njia ya kumkaribia Mungu bila kuacha kazi zao, na yamefundisha kwamba toba ya kweli huonekana katika jinsi mtu anavyomtendea jirani yake.