«Mupaka amri ingine»: komunike za valve zinasema nini, na zinaacha nini

Bandugu, ba yaya, na weye mwenye uko mu mwaka wa kwanza, ungali unatafuta oditwari yako: leo sitakosoa kitabu wala filme. Nataka tukosoe maandiko moja yenye sisi bote tunasoma kila juma, na hakuna mutu anaikosoaka juu anazania si maandiko. Ni komunike ya pa valve. Ile karatasi ya kupigwa na mashini, saini chini, kashe juu ya saini, yenye kusema mayi itakatika, bibliotheke itafungwa, kura itakosekana mu home, ofisi ya minervali imehama.

Nazania iko haki ya kukosolewa sawa vile tunakosoa roman ao wimbo. Iko na musomaji wake, iko na kazi yake, inaweza kuandikwa vizuri ao vibaya. Na ikiandikwa vibaya, kuko mutu analipa.

Tuanze na neno lenyewe. «Valve» tulipata kwa Babeleji. Kwao njo vile banaita ubao wa matangazo mu chuo. Ukimwambia Mufaransa wa Paris «valve», atafikiri kipande ya mashini. Nyuma yake kuko Kilatini, «valvae», ni kusema mbao za mulango, juu zamani matangazo ilikuwa inabandikwa pa mulango. Neno liliingia huku pamoja na universite zenyewe: Lovanium kule Kinshasa mu 1954, kiisha ile ya serikali hapa Élisabethville, yenye ilifungua masomo mu 1956. Hii ya kwetu ilibadirisha majina: mu 1971 iliingizwa mu Université nationale du Zaïre, mu 1981 njo ikakuwa Université de Lubumbashi. Muji ulibadirisha jina, inchi ilibadirisha jina mara mingi. Valve ilibakia valve, na byuo byenye bilizaliwa nyuma bote biliichukua.

Sasa angalia namna tunaisoma. Hatuanziake juu. Tunaanzia chini: kashe iko? Saini ni ya nani? Kiisha njo tunapanda ku maneno. Na siku hizi yenye inatufikia mu WhatsApp ni foto ya karatasi, imepigwa upande, kidole ya mutu imefunika tarehe, lakini kashe inaonekana muzuri sana. Ni kusema tumezoea kuuliza komunike kama ni ya kweli mbele ya kuuliza kama inatusaidia. Bale benye kuandika banajua ile. Njo maana nguvu yote inaenda ku kichwa na ku miguu ya karatasi. Juu: inchi, wizara, chuo, ofisi, namba ya barua. Chini: jina na byeo. Katikati: mustari tatu.

Mu ile mustari tatu, tafuta mutu. Hautamupata. «Jamaa yote ya chuo inajulishwa»: na nani? «Mayi itakatwa»: nani anakata? «Kwa sababu za kitekiniki»: sababu gani? Kiisha kunakuya maneno ya mwisho, yenye bote tunajua kwa kichwa mu Kifaransa yake: mupaka amri ingine.

Miye ile maneno ilinipata. Sitataja chuo. Lubumbashi iko na byuo mingi, na jina haitasaidia mutu.

Nilikuwa mu G3. TFC yangu ilikuwa juu ya lengalenga: vipimo ine vya mavi ya kuku, kila kipimo kurudiliwa mara tatu, ni kusema matuta 12. Ilikuwa mwezi wa munane, katikati ya kipwa. Mwenye kulima hapa kwetu anajua: mvula inaisha mu mwezi wa ine, na usingojee ingine ya maana mbele ya mwezi wa kumi ao wa kumi na moja. Lengalenga ya juma mbili, kama haikunywa asubui na mangaribi, inalala.

Siku moja ya kazi tatu, komunike ikatoka: mayi ya jardin na ya ma labo imekatwa juu ya kutengeneza bomba, mupaka amri ingine. Nilisoma kuanzia chini sawa bote. Kashe ilikuwa. Basi, nikaanza kununua mayi kwa vijana ba pousse-pousse, bidoni ya litre 20. Matuta 12 zilikuwa zinaomba bidoni sita kwa siku. Siku ya tano, franka ya kula na franka ya mayi zilikuwa zimekuwa franka moja. Nikashuka ku bidoni tatu, kiisha mbili. Siku ya tisa, matuta saba zilikuwa zimelala chini, na hazikuamuka tena.

Siku ya kumi nilifika mapema kuliko siku zote, juu sikulala. Nikasikia mayi. Papa mulinzi wa jardin alikuwa anajaza bidoni zake pa robine.

— Papa, mayi ilirudia lini?

— Ee, mwana, tangu siku ya posho. Inatoka saa kumi na moja mupaka saa mbili, kiisha banafunga.

— Sasa Papa, juu ya nini haukuniambia?

— Niliandika, mwana. Iko pa mulango. Haukusoma?

Ilikuwa pa mulango. Kipande ya karton, imeandikwa na makala: MAYI IMERUDIA. SAA 11 ASUBUI MUPAKA SAA 2. MUTU WA LABO AULIZE PAPA WA MULANGO. Nilikuwa nimepita mbele yake siku sita, mara mbili kwa siku. Na si kusema sikuiona. Niliiona. Nilisema tu mu roho: ni batu ba jardin banaandikiana. Haikuwa na kashe.

Pa valve, komunike ilikuwa ingali inakaa, safi, na punezi zake ine. Tulirudia mu masomo ikiwa ingali pale. TFC yangu nilitetea na matuta tano mu session ya pili, na ile siku hakuna mwalimu aliniuliza habari ya karton. Baliniuliza marudio yangu iko wapi. Balikuwa na haki.

Tangu ile siku nawekaka maandiko hii mbili pembeni, moja na ingine, sawa mutu anasoma ba mwandishi wawili. Karton ilikuwa inasema kitu gani kimefanyika, saa gani mupaka saa gani, mahali gani, na kama haukusikia umuulize nani. Maneno yote ilienea mu mukono moja. Komunike ilikuwa na kichwa ya mustari sita na haikujibia hata moja ya ile maulizo. Lakini miye, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, niliamini komunike nikaacha karton. Kosa ile si ya ofisi peke yake. Ni ya kwangu pia. Masomo ilinifundisha kuheshimu kashe kuliko mutu mwenye kushika ufunguo.

Na angalia muzuri: hakuna mutu alidanganya. Siku ya kazi tatu komunike ilikuwa kweli. Siku ya posho ilikuwa uongo, na hakuna mwenye aliandika ule uongo. Ulijiandika wenyewe, juu karatasi ilibakia na mayi ilirudia. Njo mubaya wa «mupaka amri ingine»: amri ya kufunga inaandikwa, ile ya kufungua haiandikwake. Batu banazania habari muzuri itajitangaza yenyewe. Haijitangazake. Inafika kwa mwenye anakaa karibu na robine, na kwa marafiki yake. Mwenye anakaa mbali, mwenye anatoka Katuba na basi mbili, anaendelea kulipa bei ya habari ya juma iliyopita.

Mu agronomia balitufundisha kuandikia mulimaji. Chukua gunia ya mbolea ya NPK. Inaandikwa 10-20-10, na ile tarakimu tatu tayari ni komunike: inakuambia kipimo cha azote, cha fosfori na cha potasi mu kila kilo 100, kwa ile namna benye mbolea banahesabu. Kiisha agronome anaongeza: mahindi, sentimetre 75 kati ya mistari, 25 kati ya mbegu, NPK wakati wa kupanda, urea nyuma, wakati mahindi inafika ku magoti. Hakuna hata moja wetu anaweza kumwandikia mulimaji «tia mbolea kwa sababu za kitekiniki, mupaka amri ingine». Mama wa shamba angemucheka.

Na tusiseme batu ba Lubumbashi hatujue kuandika komunike. Sikiliza zile za matanga ku redio. Jina ya marehemu, batoto bake na bajukuu, matanga iko ku avenue gani na namba gani, mwili utatoka mu morgue saa gani, mazishi ni saa gani na mu makaburi gani. Saa ikibadirika, komunike ingine inapita siku ile ile. Mwenye kuiandika anaona musomaji wake: anaona shangazi mwenye atapanda basi pa Kenya na maua mu mukono, na anajua akifika saa mbili nyuma, hakuna namna ya kutengeneza ile. Naomba paka ile roho. Mwanafunzi mwenye anangojea mayi, ao mwenye anatafuta ofisi yenye ilihama, na yeye iko njiani na maua yake.

Bengine batasema shida ni Kifaransa. Nusu ni kweli. Katiba ya 18 februari 2006, mu kifungu cha kwanza, inasema Kifaransa ni luga ya kazi ya serikali, lakini inaweka pia luga ine za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Hakuna sheria yenye inakataza mustari mbili za Kiswahili chini ya komunike. Ba mama benye kuuza mikate pa mulango, benye kufagia ma oditwari, balinzi, bote ni «jamaa ya chuo» yenye inajulishwa, na mingi yao banajulishwa kwa kuuliza mwanafunzi. Lakini kutafsiri peke yake haitoshi. «Mupaka amri ingine» mu Kiswahili ni shimo moja na ile ya Kifaransa. Karton ya Papa haikuwa muzuri juu ya luga. Ilikuwa muzuri juu mwenye aliandika alikuwa pa robine.

Kuko jibu moja ya ofisi yenye naheshimu. Banasema: sisi wenyewe hatujue mayi itarudia lini, tukiandika siku ya posho na haikurudia, banafunzi batatupigia makelele. Ni kweli, tutapiga. Lakini basi, andikeni ile: «Hatujue bado. Tutasema tena siku ya posho, saa sita, pa valve hii.» Ile ni habari. Kama ningeisoma siku ya kwanza, ningefanya sawa agronome: ningeacha matuta ine kwa makusudi, rudio moja nzima, nikalinda munane na mayi yenye nilikuwa nayo. Mutu mwenye anajua kama hakuna mwenye kujua anaweza kupanga. Mwenye anaambiwa amri ingine inakuya, anangojea.

Kwa hiyo, mwenye kuandika komunike ya huduma, kabla ya kashe, aangalie kama iko na hii:
1. Kitu gani kimesimama, na mahali gani haikusimama.
2. Tangu lini mupaka lini. Ao, kama haijulikane, siku na saa ya habari ingine.
3. Mu ile siku mutu afanye nini, aende wapi.
4. Mutu wa kuuliza. Si ofisi: mutu, na saa yenye anapatikana.
5. Ikiisha, andika «imeisha» juu ya karatasi ile ile, na tarehe. Usiingoje upepo uitoshe.

Na sisi pia: ukipiga foto, piga na tarehe. Huduma ikirudia, weka habari mu kundi sawa vile uliweka ile ya kukatika. Na karton ya pa mulango, soma.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini kuko jambo moja ya kuungama. Leo niko natumika na balimaji, upande wa njia ya Kipushi. Mwezi wa kumi iliyopita, mbegu za mahindi zilichelewa. Miye mwenyewe nilikaa, nikaandika karatasi: kugawa mbegu kumerudishwa nyuma, mupaka tarehe yenye mutajulishwa. Nikatia kashe. Nilikuwa hata na furaha, juu ilikuwa inafanana na karatasi ya kweli.

Mama moja alikuya na muguu, mara ya pili ile juma. Akanipatia karatasi yangu.

— Mwana, unisomee. Inasema nini?

Nikamusomea.

— Ndiyo, nimesikia. Sasa nikuye siku gani?

Sikuwa na jibu. Nilipiga telefone ku depo mbele yake, banisema kamiyo inafika siku ya ijumaa. Nikachukua biki, nikaandika chini ya kashe: SIKU YA POSHO, SAA TATU. MUNIULIZE MIYE. Nikaenda kuibandika pa mulango.