Vyombo vya Anga vya Ghuba ya Speke

Video niliyoipiga mwaka jana ufukweni, upande wa Magu, ina sekunde 19. Nukta 11 nyeupe zinaelea gizani, zinatetema, kisha zote zinaruka juu kwa pamoja. Inasikika sauti yangu: "Oya, oya, ona!" Niliituma kwenye grupu la ukoo bila kusema ni nini. Kesho yake jioni ilinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, ikiwa na maelezo kwamba vyombo visivyojulikana vimeonekana juu ya Ziwa Victoria.

Kama kazi ya kushawishi, naikubali. Simu ilikosa mwanga, hivyo mstari kati ya maji na mbingu ukapotea, na bila mstari huo jicho halina pa kushika. Nukta ziliruka pamoja kwa sababu mkono wangu ulitikisika. Halafu ile "oya" ilifanya kazi kuliko picha yenyewe: inamwamuru mtazamaji ashangae kabla hajatazama.

Wala si ugonjwa wa simu za bei rahisi. Filamu iitwayo GoFast, iliyopigwa kutoka ndege ya jeshi la majini la Marekani na kutolewa rasmi na Pentagon Aprili 2020, inaonyesha kitu kikipita kasi juu ya bahari. Jopo la NASA lilipopiga hesabu mwaka 2023, kwa tarakimu zilizo kwenye picha hiyohiyo, lilikuta kitu kiko futi 13,000 juu, kikienda kama maili 40 kwa saa. Mbio zile zilikuwa hasa za ndege yenye kamera.

Angalau ile ilikuja na tarakimu zake. Yangu niliikata. Nzima ilikuwa ya dakika moja na ushee, na mwishoni inasikika injini ya mtumbwi, kisha mtu anamwita mwenzake kwa Kisukuma. Nilijua ninachokikata.

Mjomba, aliyevua dagaa miaka mingi, alijibu kwenye grupu: "Mjomba, si karabai hizo? Sasa hivi giza, watu wako kazini." (Karabai limebaki jina tu, siku hizi wengi wana taa za betri.) Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, taa zikiwavuta juu. Chini ya zile nukta zangu kulikuwa na watu waliolowa, wanavuta nyavu.

Nikatuma ile ndefu. Hiyo haijanirudia mpaka leo.