Upatanisho wa Kisarufi katika Maandishi ya Skrini

Wahakiki wetu wamezoea kupima lugha ya riwaya, tamthilia na tenzi. Maandishi ya skrini ya kompyuta hayajapewa uzito huo, ingawa Kiswahili kimekuwa lugha ya menyu na ilani tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004. Makala haya yanadai kwamba maandishi hayo nayo yanastahili kuhakikiwa.

Sifa yake kuu ni kwamba hubadilika mbele ya msomaji. Mwandishi wa programu huacha pengo katika sentensi, na kompyuta hulijaza upya kila hali inapobadilika. Mbinu hii ilibuniwa kwa Kiingereza, ambacho kitenzi chake hakifuati ngeli. Katika Kiswahili, kiambishi cha kitenzi hufuata ngeli na idadi. Hivyo kitenzi "imefutwa" kikiwekwa daima, kitazaa "Picha 1 imefutwa," iliyo sahihi; pengo likijazwa tena, kitazaa "Picha 3 imefutwa" na "Kitabu 1 imefutwa," ambazo si sanifu.

Huenda ikasemwa kwamba suala la idadi limekwisha kutatuliwa. Ni kweli kwamba kanuni za Unicode hukipa Kiswahili maumbo mawili, la umoja na la wingi, ilhali Kiarabu kina sita. Lakini ngeli haimo katika hesabu hiyo. Nomino ikiachwa kuwa pengo, mfasiri hana njia ya kuchagua baina ya "kimefutwa," "limefutwa" na "umefutwa." Wapo wanaokwepa kwa kuandika "Umefuta vitabu 3." Sarufi inaokolewa, lakini msomaji anatwikwa tendo ambalo pengine limefanywa na mashine.

Kosa, basi, si la Kiswahili wala la mfasiri, bali la aliyeivunja sentensi kabla ya kumkabidhi. Mwongozo wa GNU gettext wenyewe unashauri mfasiri apewe sentensi kamili. Ushauri huo ukifuatwa, kila nomino itapata sentensi yake, ya umoja na ya wingi.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi anayesoma "Vitabu 3 imefutwa" kila siku hatimaye ataidhania kuwa lugha sanifu, nasi tutamsahihisha darasani bila ya kuigusa chemchemi ya kosa.