Adui Atokaye Majini

Katika vibanda vya sinema vya Tanzania, na vya Ifakara vikiwamo, watu wa picha hugawanywa mafungu mawili: steringi na adui. Steringi hafi; adui hana budi kushindwa, wala mtazamaji hajisumbui kuuliza ametoka wapi. Mgawanyo huo unatosha kwa picha nyingi. Hautoshi kumpima Namor, adui wa Black Panther: Wakanda Forever, picha iliyotolewa mwaka 2022 kuwa mwendelezo wa ile ya 2018.

Mwongozaji wa zote mbili ni Ryan Coogler. Hii ya pili ilitengenezwa katika msiba, kwani Chadwick Boseman, aliyekuwa mfalme wa Wakanda, alifariki mwaka 2020, na sifa nyingi zimekwenda kwa Angela Bassett, aliyecheza malkia mama. Sifa hizo ni za haki. Lakini nguzo ya picha ni Tenoch Huerta, mchezaji wa Meksiko.

Namor alizaliwa katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1939, naye huko alikuwa mtu wa Atlantis. Coogler amempa asili ya Wamaya: watu wa karne ya 16 waliokimbia ndui na utumwa wa Wahispania, wakala dawa ya mmea, wakaingia baharini kuishi humo. Alipopanda nchi kavu kumzika mama yake, mtoto huyo aliwakuta watu wa asili yake wakitumikishwa shambani, akaliteketeza shamba. Mchezaji mwingine angeibeba hadithi hii kwa kunguruma. Huerta hapandishi sauti. Anapomwonyesha Shuri mji wake wa chini ya maji na kumpa bangili iliyokuwa ya mama yake, ana furaha ya mwenyeji anayejivunia nyumba yake. Na sauti hiyohiyo ya upole ndiyo anayoitumia kutangaza vita. Hapo ndipo hofu inapomwingia mtazamaji, kwa maana anaona kwamba huyu si mwovu aliyependa ubaya, bali ni mtawala aliyekwisha kufanya hesabu zake.

Mtu aliyekulia kando ya Kilombero hatashangaa sana. Anajua kwamba maji yaletayo mpunga ndiyo yafungayo njia wakati wa masika. Anajua pia kwamba mto wake hukutana na Luwegu ukawa Rufiji, na kwamba kusini ya Rufiji, huko Ngarambe, mwaka 1904, yasimuliwa Kinjikitile Ngwale alizama majini akatoka mkavu. Habari ambayo Ebrahim Hussein aliitungia tamthilia mwaka 1969. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga, waliokwisha kupokea dawa ya maji, waliishambulia boma ya Mahenge, ng'ambo ya mto kutoka Ifakara, wakapokewa na bunduki za bombomu. Mwenye historia hiyo hawezi kuwacheka watu wa Namor.

Si kwamba Namor ni Kinjikitile. Kinjikitile aliwaunganisha watu wa makabila mengi. Namor anaiomba Wakanda umoja, na akinyimwa anaigharikisha. Udhaifu wa picha hauko hapo, bali katika jambo lililotangulia. Mwanzoni askari wa Ufaransa wanajaribu kuiba madini ya Wakanda nchini Mali, na malkia anawaaibisha mbele ya mataifa huko Geneva. Baada ya hapo Ufaransa inatoweka kabisa, na watu wawili waliowindwa na maadui wa namna moja wanauana wao kwa wao. Hata Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Meksiko, ambaye angefaa mno kuwa mpatanishi, anatumwa kama mvamizi tu, na damu anayoimwaga ndiyo inayowasha vita.

Yupo atakayesema kwamba vita vya wanyonge wawili ni uzushi wa waandishi. Bonde la Kilombero linamkanusha. Katika Maji Maji, Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde hilo, alisimama upande wa Wajerumani, na majirani walipigana na majirani. Lakini hakuna msimulizi wa vita hivyo, awe mwanachuo au mzee wa kijiji, anayemtaja Kiwanga akawasahau Wajerumani. Coogler amewasahau wake, na kwa hiyo hasira yote inamwangukia Namor, ambaye hoja yake haikujibiwa na mtu yeyote katika picha nzima.

Mwishowe Shuri anamshinda kwa joto linalomkausha maji mwilini. Wale wa 1905 waliambiwa maji yatawalinda. Huyu anaangushwa kwa kunyimwa maji. Anapiga magoti, na mwandishi wa picha angependa tuone amani. Huerta anatuonyesha jambo jingine: macho yake ni ya mtu anayehesabu siku. Baadaye anamwambia jamaa yake Namora kwamba Wakanda itakuja kuwahitaji. Steringi hakufa, kama ilivyo desturi. Adui naye hakufa, wala hakukiri kosa.