Goti Lilimficha, Mkono Ukamtaja

Tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, lilimpokea mmisionari David Livingstone mara mbili. Mwaka 1872 aliingia kwa miguu yake. Oktoba 1873 akarudi mabegani mwa watu. Safari hiyo ya pili inaelezeka kwa viungo viwili vya mwili wake.

Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao walitoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti, wakautia mwili chumvi na kuuanika juani siku 14. Ikabaki hesabu ya mpagazi: urefu. Mtu aliyenyooka ni mzigo mbaya kwenye njia nyembamba ya porini. Goti nalo ni bawaba: hukunjika upande mmoja tu, lakini hukunjika sana. Wakayakunja magoti, wakauviringisha mwili kwa kitambaa, wakauingiza ndani ya gome la mti, wakashonea turubai juu, wakauchukua mzegazega, watu wawili kwa mti mmoja.

Walipoiacha Kwihara na kufika Kasekera, wenyeji waligoma: maiti haipiti. Wapagazi wakafunga mabua kwa mfano wa maiti, wakajifanya wanayarudisha Unyanyembe, walikotoka, kuyazika, kisha wakayatawanya porini. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa nguo. Katika njia iliyozoea mitumba, nani angeutazama mara mbili?

Mwili ulipofika London, swali likawa jingine: huyu ni yeye kweli? Uso haukutambulika tena. Ukabaki mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba huko Mabotsa, Afrika Kusini, mwaka 1844, kati ya bega na kiwiko. Mfupa huunga ukitulizwa: damu huganda kati ya ncha, hufanyika kovu laini, kovu likageuka mfupa. Ncha zikichezacheza, kovu hubaki nyuzinyuzi, na pale palipokuwa na mfupa mmoja pakapinda kama kiwiko cha pili. Ni kiungo cha uongo. Kinacheza, ila hakuna misuli iliyoumbwa kukiongoza; ndiyo maana kuinua mkono ule kupita bega kulimshinda.

Tarehe 15 Aprili 1874, daktari mpasuaji William Fergusson aliupapasa mfupa huo, akakikuta kiungo kile. Siku tatu baadaye Livingstone akazikwa Westminster Abbey.

Fergusson alihitaji kushika mfupa ndipo aamini. Waliokunja magoti yale walimjua tangu alipokuwa akitembea.